Usishone beji feki kwenye jaketi orijino

Ukienda Gikomba saa nne asubuhi umeenda kununua nguo. Ukienda saa kumi na moja alfajiri umeenda kuwinda. Mimi ni wa alfajiri.

Jumanne hiyo mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope ya kufika kwa vifundo vya miguu, na mama mmoja ambaye hutuuzia makoti alikuwa ndio anakata kamba za beli. Kwa wasiojua mambo ya huko, beli ikifunguliwa wanaofika kwanza na pesa nzuri huchagua kamera, yaani zile nguo safi kabisa. Baada ya hapo bei hushuka kadiri jua linavyopanda, hadi inafika fagia, mabaki ya kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mimi na mshirika wangu hufika mapema lakini mfuko wetu si wa kamera. Sisi hungoja pale katikati, wenye doh wakishaondoka, tuokote walichoruka.

Walichoruka siku hiyo ilikuwa jaketi nzito ya rangi ya kijani ya jeshi, imepauka mabegani, zipu imekwama, mifuko minne mbele. Kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, kulikuwa na vifungo viwili ambavyo havikufunga kitu chochote. Vimekaa tu hapo kama abiria waliosahauliwa steji.

Mama akaniona nimevikazia macho. "Hivyo vifungo visikusumbue, kijana wangu," akasema. "Nikipata wembe navitoa saa hii."

Nikamwambia asijali, tutavitoa sisi wenyewe. Alitaka 800, tukaelewana 650. Mshirika wangu hakusema neno hadi tulipokaa ndani ya matatu. Hapo ndipo alinikamata mkono. "Buda, unajua tumebeba nini?"

Nilijua. Tulikuwa tumebeba Stone Island ya kitambo, jaketi ya Italia, bila beji. Na hiyo beji iliyokosekana nusura itukosanishe kabisa.

Turubai la lori

Kabla sijafika kwa ugomvi, wacha nieleze jaketi yenyewe. Wengi wetu tunajua jina tu, tulilisikia kwa sababu ya Drake au kwa sababu ya mashabiki wa mpira kule Uingereza.

Aliyeianzisha aliitwa Massimo Osti, mtu wa Bologna, aliyezaliwa 1944 na kufariki 2005. Hakusomea mitindo chuoni. Alikuwa mbunifu wa michoro ya matangazo, akaingia kwa nguo kupitia fulana za kuchapishwa miaka ya sabini. Alikuwa na tabia moja ambayo watu wa Gikomba wataielewa mara moja: alikusanya nguo za jeshi na za kazi zilizokwisha kutumika, maelfu kwa maelfu, akaangalia zilivyokatwa na zilivyoshonwa, akazihifadhi. Kwa lugha yetu, jamaa alikuwa mteja wa mitumba. Tofauti ni kwamba yeye alizisoma kama vitabu.

Mwaka wa 1982 alikuwa anacheza na kitambaa kilichotokana na turubai la kufunika lori. Turubai unalijua. Ni kile kitu kigumu kinachofungwa juu ya lori la mahindi likitoka Kitale. Hiki kilikuwa na rangi mbili, upande huu moja na upande ule nyingine, na kilikuwa kigumu kupita kiasi kuvaliwa na binadamu. Osti akakiosha na kukiosha tena kwa maji na yale mawe mepesi ya kusugulia nyayo, hadi kikalainika na rangi ikachakaa kwa namna ya kupendeza. Akakiita Tela Stella. Kilikuwa tofauti sana na nguo za kampuni yake ya C.P. Company, kwa hivyo akakipa jina lake peke yake, Stone Island. Mkusanyo wa kwanza ulikuwa jaketi saba pekee.

Kwenye mkono wa kushoto akaweka beji yenye mchoro wa dira, inayoshikiliwa na vifungo viwili. Wazo hilo ni la kijeshi, kwa sababu mwanajeshi hubeba alama ya kikosi chake mkononi. Beji za miaka ya themanini na tisini zilikuwa na ukingo wa kijani, na wakusanyaji wa leo huzitafuta kwa tochi. Desemba 2020 kampuni ya Moncler ilitangaza kuinunua Stone Island kwa thamani ya euro bilioni 1.15. Hayo yote yalianzia kwa turubai.

Kila kitu kina kazi yake

Ukitaka kuielewa jaketi yoyote yenye mtindo wa kijeshi, jiulize swali moja kwa kila sehemu: hii iliwekwa hapa ifanye nini? Jeshi halipambi nguo ovyo.

Chukua M-65 ya Marekani, iliyoanza kutolewa 1965. Mifuko minne mikubwa ni ya kubeba vitu vya askari bila kumzuia kutembea. Ndani ya kola kuna kofia nyepesi imekunjwa, ukifungua zipu inatoka. Wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam waliendelea kuivaa mitaani, wengine wakiwa kwenye maandamano ya kupinga vita vile vile walivyopigana. Sinema zikaipenda. Robert De Niro aliivaa kwenye Taxi Driver ya 1976.

Chukua ile boma fupi ya marubani, MA-1. Kitambaa chake cha ndani huwa rangi ya chungwa. Hiyo haikuwa fasheni. Ndege ikianguka, rubani anaigeuza jaketi ndani nje ili waokoaji wamwone kutoka mbali. Chukua pia trench coat, koti la maafisa wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vile vikanda vya mabegani vilikuwa vya kuonyesha cheo. Leo tunavivaa kwenda deti na hatujui vilikuwa vya nini.

Wabunifu wakubwa walisoma haya yote kabla ya kushona. Helmut Lang wa Vienna, ambaye pia alijifundisha kazi mwenyewe bila shule ya mitindo, aliweka mikanda ndani ya makoti yake, ili ukisikia joto ulivue na kulibeba mgongoni kama begi. Aliiacha kampuni yake 2005. Mwaka wa 2010 moto ukazuka kwenye jengo la studio yake New York. Nguo zake nyingi za zamani alizokuwa amebaki nazo akaamua kuzisaga, akazigeuza sanamu. Fikiria hilo. Mwenyewe alizisaga, na leo watu wanasaka makoti yake ya miaka ya tisini dunia nzima.

Kwa hivyo thamani ya jaketi kama hizi iko kwa kitambaa, kwa mkato, kwa rangi iliyotiwa baada ya nguo kushonwa, kwa akili ya mtu aliyekaa chini akawaza. Beji ni ya kukuambia nani aliwaza. Beji yenyewe haikuwaza chochote.

Soo tatu tu

Turudi kwa keja yangu. Tuliiosha jaketi taratibu, fundi akatutengenezea zipu kwa 350. Lebo ya ndani ilikuwa imefifia lakini imeshikilia, na nambari ya bidhaa inasomeka. Nilikaa usiku mzima nikilinganisha na picha za wakusanyaji, mshono kwa mshono. Ilikuwa ya kweli.

Tukapiga hesabu. Bila beji, tulijua itauzwa kama 9,000, pengine 10,000 tukipata mteja anayeelewa. Ikiwa na beji, wateja wetu wa mtandaoni wangetoa 25,000 bila kuuliza mara mbili.

"Beji naijua pa kuitoa," mshirika wangu akasema. "Katikati ya jiji, soo tatu tu. Vifungo viko tayari, ni kubandika."

Usimcheke na usimhukumu haraka. Ana mtoto anaanza shule. Mimi nilikuwa na deni la kodi la miezi miwili, bedsitter ya 7,500, na landilodi alikuwa ameshataja neno kufuli. Nusu ya 25,000 ingelipa karibu kila kitu.

Na hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema hivi: jaketi ni orijino, sisi hatujaibadilisha. Ilitoka kiwandani ikiwa na beji, ikapotea njiani, labda mtu aliivua Ulaya akaiuza kivyake kabla ya kuitupa jaketi kwenye mfuko wa msaada. Sisi tunairudishia tu kilichokuwa chake. Mteja anapata Stone Island ya kweli, anafurahi, anapiga picha. Nani ameumia?

Beji ikaja Ijumaa. Tukaivalisha. Wacha niseme ukweli, ilikaa poa sana. Tukapiga picha kwenye ukuta wa veranda, nikaandika bei, nikaandika maneno. Kidole kikawa juu ya kitufe cha kuchapisha.

Sikubonyeza. Siku nne picha hizo zilikaa kwenye simu, na siku nne mshirika wangu hakupokea simu zangu.

Ninavyoijua beji feki

Kilichonizuia si utakatifu. Ni kwamba nilishawahi kuvaa beji feki na najua inavyowasha.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha, nikasema nitarudi muhula ujao, na huo muhula ujao haujafika mpaka leo. Baadaye nikatuma wasifu wa kazi wenye neno "Diploma" na mwaka wa kuhitimu niliojitungia mwenyewe. Nikapata kazi ya kusimamia kurasa za mitandao za biashara moja ndogo. Kazi yenyewe niliiweza. Wateja waliongezeka, bosi alisifu picha na maandishi. Lakini kila aliposema, "Leteni nakala za vyeti tuweke kwa faili," tumbo langu lilikuwa linageuka. Leo nimesahau nyumbani. Kesho chuo kimechelewesha. Kesho kutwa niko na safari ya ushago.

Miezi mitatu nikiishi hivyo. Mwishowe nikaacha tu kwenda. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenigundua.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba kazi niliyofanya pale ilikuwa safi. Ningeweza kuitumia kupata nyingine. Lakini siwezi kumwambia mtu apige simu pale aulize kunihusu, kwa sababu mlango niliuingilia na uongo. Miezi mitatu ya jasho la kweli ilioza kwa ajili ya neno moja kwenye karatasi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wazee walisema, na nikaja kujua maana yake nikiwa nimekaa kwenye meza ya ofisi.

Na siko peke yangu. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza matokeo ya ukaguzi wake: zaidi ya vyeti 2,000 vya watumishi wa umma vilipatikana kuwa ghushi. Nina hakika kati ya hao wamo waliokuwa wanafanya kazi yao vizuri kabisa. Sasa hakuna anayeuliza kuhusu kazi. Wanauliza kuhusu cheti.

Feki humeza orijino

Hili ndilo jibu nililompa mshirika wangu siku ya tano, nilipomfuata kwake na soda mbili.

Kwanza, mteja wetu angelipa karibu 15,000 zaidi kwa kitu ambacho tulikinunua 300. Hizo elfu kumi na tano si za jaketi. Ni za uongo. Ukitaka kujua kama ni wizi, jiulize kama ungekuwa tayari kumwambia mteja beji imetoka wapi kabla hajalipa.

Pili, na hili ndilo wauzaji wengi hawalifikirii: beji feki haigeuki kuwa orijino kwa kukaa kwenye jaketi orijino. Ni jaketi ndiyo inageuka. Siku yule mteja atataka kuiuza, atakutana na mtu anayejua. Mtu anayejua huanza kwa kuangalia beji, kwa sababu hapo ndipo feki hujulikana haraka: uzi mnene, herufi zimevimba, dira imepinda. Akiona beji ni feki, hataangalia zipu. Hataangalia lebo. Atasema yote ni takataka na kuondoka. Jaketi iliyodumu miaka ishirini na ushee, ikavuka bahari ndani ya beli, ikanusurika wembe wa Gikomba, itakuwa imeuawa na sisi kwa soo tatu.

Tatu, ni sheria. Kuuza bidhaa yenye chapa ghushi ni kosa chini ya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008. Wengi hucheka wakisikia hivyo kwa sababu mji umejaa feki. Cheka tu, lakini ukishikwa utakuwa peke yako.

Tena, tuliopenda mtindo wa kijeshi tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Jeshini alama ya begani na ya mkononi hainunuliwi, hupewa aliyeitolea jasho. Raia akivaa sare ya KDF bila idhini anavunja sheria, na Sheria ya KDF ya 2012 inasema hivyo. Ndiyo maana kwenye beli nikiona jaketi ya madoa ya jungle huwa naiacha, hata kama ni ya mbunifu gani. Siwezi kumuuzia kijana mwenzangu kitu cha kumlaza ndani. Mtindo ni mtindo, sare ni sare. Sasa kama tunakubali kwamba alama ya mwanajeshi haivaliwi na asiyeipata kwa haki, kwa nini tunachezea alama ya fundi?

Kosa si la muuzaji peke yake

Lakini wacha tusibebeshe wauzaji mzigo wote. Swali gumu ni hili: kwa nini kipande kidogo cha kitambaa chenye uzi kinaongeza elfu kumi na tano?

Ni kwa sababu wanunuzi tumekuwa wavivu wa macho. Kwenye ukurasa wetu, swali la kwanza kwa kila jaketi ni, "Iko na beji?" Hata kabla ya saizi. Hakuna anayeuliza kitambaa ni gani, zipu inafanya kazi, mshono wa kwapa umeshika. Mtu atalipa 4,000 kwa jaketi ya plastiki yenye jina kubwa kifuani, iliyoshonwa mwezi uliopita, itakayochanika kabla ya Disemba. Halafu atapita jaketi ya kweli ya 1,000 kwa sababu haina jina la kuonyesha kwenye Instagram. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi ni kama tumeamua kununua kinachojitembeza.

Waajiri nao ni hivyo hivyo. Wanaomba cheti kwa kazi ambayo wangeweza kuipima kwa saa mbili. Mpe kijana simu umwambie akupigie picha bidhaa na kuiandikia maelezo, utajua kama anaweza. Fundi wetu wa zipu hana karatasi yoyote, lakini mikono yake inajua mengi kuliko vitabu vingi. Tunataka beji kwa sababu hatutaki kazi ya kuangalia jaketi.

Wakati huo huo, sisi tusio na vyeti tusidanganyane kwamba vyeti havina maana. Jaketi yetu ilikuwa nzuri bila beji, lakini ingekuwa na beji yake halali ingekuwa bora zaidi, na bei ingeonyesha. Hilo ni kweli na si dhuluma. Jibu la kukosa beji ni kutafuta ya halali. Mamlaka ya NITA hufanya majaribio ya ufundi, na fundi aliyejifunzia kwa cherehani ya mjomba wake anaweza kufanya jaribio la gredi na kupewa cheti chake. Kuna pia mpango wa serikali wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ule unaoitwa RPL. Nimeshaanza kuuliza maswali kuhusu huo mpango. Najua foleni itakuwa ndefu. Afadhali foleni kuliko tumbo kugeuka kila bosi akitaja faili.

Tunachofaa kufanya

Kwa wasee wenzangu mnaouza nguo mtandaoni, ombi langu ni fupi. Andika ukweli kwenye maelezo. Beji imepotea, sema imepotea. Zipu imebadilishwa, sema imebadilishwa na piga picha. Ukifanikiwa kupata beji halali kutoka kwa jaketi nyingine, sema kwamba haikuja na hii. Maelezo ya aina hiyo yatakupotezea wateja wa haraka, najua. Lakini wale watakaobaki watarudi, na wataleta wenzao.

Kwa wanunuzi: kabla ya kuuliza kuhusu beji, igeuze jaketi ndani nje. Angalia mshono wa ndani, kwa sababu anayedanganya hupamba nje. Pandisha na kushusha zipu mara tatu. Soma lebo ya kuosha. Shika kitambaa kwenye kola na kwenye mikono, mahali ambapo huchakaa kwanza. Uliza kila mfuko ni wa nini. Ukikosa jibu kwa kila swali, beji haitakuokoa.

Na kwa sisi sote tunaofungua beli kila wiki: tusome. Mwaka wa 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba. Ndani ya mlima huo kuna kazi za mikono ya watu kama Osti na Lang, na sisi tunazishika kabla ya mtu mwingine yeyote Afrika Mashariki. Osti alijenga jina lake kwa kusoma nguo za kuukuu. Sisi tunazo nyingi, kisha tunachukua wembe na kukata vifungo kwa sababu hatujui vilikuwa vya nini.

Hesabu ya mwisho

Tuliivua beji. Nikapiga picha upya, vifungo viwili vikiwa wazi, nikaandika: haina beji, zipu imetengenezwa, imepauka mabegani. Ilikaa siku kumi na moja. Watu watatu waliuliza kuhusu beji na kutoweka. Wa nne alikuwa jamaa wa Nakuru ambaye aliomba picha ya lebo, ya ndani ya kola, na ya mshono wa kwapa. Alilipa 9,000.

Toa 650 za mama, toa 350 za fundi, ilibaki 8,000. Elfu nne kila mmoja. Zile 300 za beji mshirika wangu alikataa tuziweke kwenye hesabu, akasema hiyo ni karo yake. Landilodi alipata sehemu, tukaongea, kufuli haikuja. Mshirika wangu bado anaamini nilimkosesha pesa, na kwa upande mmoja ni kweli. Tunafanya kazi pamoja, lakini soda ya siku hizi kila mtu anajinunulia.

Kulikuwa na deni moja zaidi. Yule mama aliyetuuzia, nilimwambia tutavitoa vifungo wenyewe huku nikijua ameshika kitu asichokijua. Sikumdanganya kwa maneno mengi, lakini nilifurahia ujinga wake, na siwezi kuandika haya yote huku nikilificha hilo. Nilirudi Jumanne iliyofuata nikamweleza: mama, ukiona vifungo viwili kwenye mkono wa kushoto, usivikate. Nikamwonyesha picha, nikamwambia tuliuza kwa pesa ngapi.

Aliniangalia muda mrefu, kisha akacheka. "Kumbe wewe ni mwizi mwenye adabu."

Wiki iliyopita alipata nyingine. Alituwekea chini ya meza, hakukata chochote. Bei yake sasa ni 3,000, na hashuki hata shilingi.